Dirisha la Msaada Halikufuta Kazi Yangu

Nakumbuka siku moja pale Musoma, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu, na babu yako asinisikie. Maduka yalikuwa yameanza kujaa tena, sabuni unachagua hadi rangi, lakini maofisini watu walikuwa wanapunguzwa. Kwenye ofisi yetu ya ushirika tulikuwa wapiga chapa wawili: mimi, msichana wa Manyamanyama, kule Bunda, niliyepanga chumba mtaa wa Nyasho, na Mama Nyangeta, mtu mzima wa Butiama. Meneja akaleta kompyuta moja, akasema wazi kwamba mwisho wa mwezi atabaki mmoja wetu.

Jamani, niliitaka kazi ile! Mama yangu kule Bunda alikuwa ananitegemea mimi tu.

Siku hiyo nilipewa ripoti ya mkutano mkuu. Nikaandika tangu asubuhi bila kuhifadhi hata mstari. Mashine ya chapa ilishanizoesha hivyo: ukigonga, herufi iko kwenye karatasi, basi. Mara kidole kikateleza kikagusa kitufe cha F1. Kioo karibu chote kikajaa maelezo ya Kiingereza, na ripoti yangu ikabaki vimistari viwili vitatu chini. Nikagonga herufi, haiingii. Nikagonga tena, mashine ikalia piii! Nikanyoosha mkono nizime, nisingizie umeme. Umeme wenyewe ulikuwa unakatika kila mara, nani angebisha?

Mama Nyangeta akanidaka mkono.

"We mtoto, unazima nini? Umehifadhi?"

"Bado, mama. Yote imefutika."

"Haijafutika. Hilo dirisha la msaada tu. Mgeni akiingia kwako unachoma nyumba?"

Akavuta kiti; yeye alishawahi kukwama hapohapo. Akanionyesha kimstari kinachomemeta: kilikuwa kimehamia kwenye dirisha lile, na dirisha lile ni la kusoma, halipokei maandishi, ndiyo maana mashine ililia. Ukiuliza jambo jingine, halifungui dirisha la pili, linabadilisha maneno mlemle. Ukimaliza unabonyeza kitufe cha Esc, linajifunga, unarudi palepale ulipoachia.

Nikataka kubonyeza haraka, akanizuia. "Kwetu mgeni hasindikizwi kabla hajasema kilichomleta. Soma kwanza."

Basi nikasoma kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, mpaka nikapata mahali panapoeleza namna ya kuhifadhi kazi. Ndipo nikabonyeza Esc. Ripoti yangu ikarudi nzima, hadi nukta. Nikaihifadhi huku nalia.

"Mama, mbona umenisaidia? Si anabaki mmoja?"

"Nilikuwaga binti kama wewe," akasema. "Nibaki kazini kwa kukuangalia unaungua? Huo mshahara ningeulaje?"

Mwisho wa mwezi meneja akamchagua kijana. Yaani mimi. Mama Nyangeta akafunga kanga yake, akapita mezani kwangu, akachungulia kioo na kuniuliza, "Umehifadhi?" Nikasema ndiyo. Nikambebea kikapu, nikamsindikiza mpaka kwenye basi la Butiama. Mpaka leo jambo hilo linaniuma, mwanangu. Ningezima ile mashine, yeye ndiye angebaki, na alilijua hilo wakati ananishika mkono.

Sasa nasikia huko kazini kwako unaogopa kuuliza, eti watasema hujui. Uliza. Msaada ukikufungukia, utaona kama umekufunika kazi yako yote, lakini kazi yako ipo chini yake, inakusubiri. Usome mpaka mwisho, uufunge taratibu, uendelee ulipoachia. Na ukimwona mwenzako anataka kuzima kwa hofu, mdake mkono, hata kama nafasi ni moja na wewe unaitaka.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie kazi ya mikono yako isipotee, na siku utakayotetemeka akuwekee karibu mtu kama Mama Nyangeta.