Macho Makavu ya Tate

Nilipokuwa mtoto nilikaribia kumfukuzisha bibi yangu nyumbani kwake, na kosa langu lilikuwa kusema kweli.

Tuliishi Nyantende, nje kidogo ya Bukavu, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Bibi, ambaye sisi wajukuu tulimwita Tate, alimzika babu bila kudondosha hata chozi moja. Siku zote za matanga alikaa mkekani, sauti imemkauka kwa maombolezo, lakini mashavu yake yalikuwa makavu kama kigae. Wanawake waliona. Kwetu iliaminika kwamba mulozi, yaani mchawi, hawezi kumtolea machozi mtu aliyemuua mwenyewe. Tena ilisemwa kwamba mwenye macho makavu akimbeba mtoto mchanga, maziwa ya mama hukatika. Na mama yangu alikuwa karibu kujifungua.

Nililala chumba kimoja na Tate. Kila alfajiri alichovya kitambaa katika maji ya moto, akakikamua, akakiweka juu ya macho aliyoyafumba, akakaa kimya mpaka kipoe.

"Nikiamuka iko kama muchanga ndani," aliniambia. "Hii inapunguza."

Hakunikataza kusema. Labda alidhani mtoto hana wa kumwambia.

Nilimwambia shangazi tukiwa tunamenya maharage. Shangazi alikuwa binti wa mke wa kwanza wa babu, aliyefariki zamani. Tate ndiye aliyemlea. "Tate anajua dawa ya macho," nilisema kwa kujivuna. "Anafanya alfajiri, watu hawajaamuka."

Maharage yalimponyoka. "Dawa gani?"

Nikamweleza yote. Sasa ninajua kwamba alikuwa amezika watoto wawili bila mtu kumwambia waliugua nini. Wakati ule niliona tu akiyaacha maharage chini na kuondoka.

Jioni hiyo aliwaita majirani jikoni, akatupa majani mabichi ya mikaratusi juu ya moto, akafunga mlango.

"Moshi haichague mutu," alisema. "Tuone nani atakosa machozi."

Tulikohoa, tukalia sote. Mama Furaha wa jirani alilia hadi kamasi, akalalamika, "Miye mulinialika kwa kula ao kwa kufa?" Tate peke yake alikaa macho mekundu kama pilipili, kope zikipepesa upesi upesi, bila tone.

"Munaona!" shangazi alisema. "Maman, kesho urudie kwa kaka zako. Huyu mutoto anayekuja, hautamugusa."

"Mwanangu," Tate alijibu, "macho inaniuma. Fungua mulango."

Mimi ndiye niliyefungua, nikakimbilia migombani, maana nilijua ni nani aliyeuwasha moto ule kwa mdomo wake.

Baba, mwanawe Tate, alikuwa fundi wa kujenga mjini. Aliporudi hakugombana na mtu. Alimwambia shangazi, "Dada, kesho tunaenda kwa dispanseri. Na weye unakuja. Usisikie kwa mutu mwingine."

Nilikwenda nao kwa miguu hadi Bukavu. Muuguzi alikuwa Mkongomani mwembamba, mpole. Alimsikiliza Tate, kisha akakata vipande vya karatasi ya kukaushia wino, ile tuliyotumia shuleni, akavining'iniza kwenye kope zake za chini. Tulingoja. Alipovitoa vilikuwa vikavu.

"Karatasi pia inamujua!" shangazi alisema.

"Sasa ikaa weye, maman," muuguzi alimwambia.

Shangazi alikaa huku ananung'unika. Vya kwake vililowa.

"Unaona," muuguzi alisema, "kisima yako iko na maji. Ya huyu maman imekauka. Ukienda kuchota, ukute kisima kavu, utaita kisima mulozi?"

Baba alicheka. Shangazi hakucheka. Aliuliza polepole, "Lakini hakumulilia muzee."

"Alilia. Ni macho haikulia."

Akatueleza kwamba machozi si ya huzuni tu. Kila tunapopepesa hulilowesha jicho, na yakipungua, upepo na moshi hulichoma. Aliuliza kuhusu mdomo. Tate akasema bugali, ugali wetu, haumshuki bila maji. Muuguzi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu: ugonjwa uleule ulikausha na mate. Dawa ya kumaliza kabisa ugonjwa ule hakuwa nayo. Alimpa matone, akamwambia akae mbali na moshi, apepese macho mara kwa mara, asikamulie machoni majani ya aina yoyote. Kuhusu kitambaa alisema aendelee nacho, kiwe safi na cha vuguvugu, kisiunguze.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna mutu," Tate alisema. "Ni maumivu."

Asubuhi iliyofuata shangazi aliyabeba mwenyewe mafiga matatu, akayahamishia karibu na mlango, moshi upate njia. Mama alipojifungua, shangazi ndiye aliyemweka mtoto mikononi mwa Tate. Nilikaa siku nyingi nikimchungulia mama, nikingoja maziwa yakatike. Hayakukatika.

Si wote walioamini habari ya karatasi. Miezi kadhaa baadaye, kwenye matanga ya jirani, nyuso zilianza tena kumgeukia Tate. Shangazi alinyanyuka, akaja kukaa naye bega kwa bega.

"Muache kumuangalia," alisema. "Leo nalia yake na yangu."

Akalia kweli, kama watu wawili.

Tangu hapo nimesoma mengi juu ya macho, na mengi juu ya hofu, na bado siwezi kuwacheka wanawake wa jikoni mle. Walizika sana na kuelezwa kidogo, wakatafuta jibu kwenye uso uliokuwa karibu. Shangazi aliposogezewa jibu jingine, alilipokea, ingawa lilimwaibisha. Si kila mtu hufanya hivyo.

Sasa mchanga umefika machoni mwangu pia. Alfajiri ninapasha maji, ninakamua kitambaa, ninaacha mlango wazi. Mjukuu wangu huja kuuliza ninafanya nini. Ninamweleza yote, kisha ninamwambia aende akamwambie anayemtaka.