Hesabu ya Joto la Gasenyi

Nilikataa kusaini ripoti ya hesabu siku ya Jumatatu asubuhi, na kabla ya saa sita mchana biro nzima, ofisi yetu ya michoro, ilikuwa inajua. Hatukuwa wengi: patron, bosi wetu, ambaye amewachorea nyumba wakubwa wengi wa Bujumbura, wachoraji wake wawili, na mimi. Kazi yangu ilikuwa hesabu. Wao wakishachora jengo, mimi nilihesabu litakavyokula umeme: taa, pampu ya maji, na zaidi ya yote klimatizeri, zile mashine za kupoza hewa ambazo kila mtu anazitaka na umeme wetu hauziwezi.

Jengo lililotugombanisha lilikuwa nyumba ya kujifungulia, huku Gasenyi ninakoishi. Mwenyewe alikuwa mkunga mstaafu, mama wa Kiislamu, mtu wa mji huu tangu mababu zake, aliyehangaika miaka hadi akapata wafadhili. Patron alimchorea kitu cha kupendeza macho: ukuta mzima wa vioo upande wa magharibi, ili wazazi walione ziwa kwa mbali. Lakini magharibi ndiko jua la alasiri linakopiga bila huruma.

Programu tuliyotumia unaiambia kuta ni za nini, paa ni la nini, madirisha yanatazama wapi, watu wangapi watakaa ndani na saa zipi. Halafu unaipa hali ya hewa ya mji, saa baada ya saa, mwaka mzima. Hapo inakujibu chumba kitapata joto gani na mashine zitakula umeme kiasi gani. Mji unauchagua kwenye orodha. Bujumbura haikuwamo.

"Chagua wa karibu," patron aliniambia.

Wa karibu uliokuwamo ulikuwa mji wa milimani, nchi jirani, ambako jioni watu huvaa sweta. Nikauchagua. Majibu yakatoka mazuri ajabu: wodi ya vioo, hewa baridi, klimatizeri mbili tu zinatosha. Nikamwendea mezani kwake.

"Patron, huu si mji wetu. Sisi tuko chini, kando ya ziwa."

"Machine imesema nini?"

"Imesema vile nimeiambia."

"Bon. Saini basi."

"Apana. Mi sisaini."

Akavua miwani. "Madame, nani alikuita architecte? Kazi yako njo kuhesabu, si kufikiri."

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa Septemba, kilele cha joto letu, kwenye chumba cha mabati, na mama wa mwanamke wa kitanda cha pili alitupepea sote wawili kwa kifuniko cha boksi. Ningependa kusema nilimkumbuka mama yule pale mbele ya patron. Sikumkumbuka. Nilichojua ni kwamba jina langu halitakaa chini ya uongo.

"Kama unayo Bujumbura yako, ilete," akasema, na wachoraji wakacheka kwa sababu yeye alicheka. "Wiki mbili."

Nikaenda Nyakabiga, kwenye duka dogo, nikanunua vipimajoto viwili vya ukutani. Kimoja nikakitundika nje, kivulini chini ya paa. Kingine sebuleni kwetu. Nyumba yetu ni ya matofali na mabati, haina dari. Saa nilizokuwa kazini, mama mkwe wangu ndiye aliyesoma na kuandika kwenye daftari, kila saa, akinung'unika.

"Joto haiandikwe, mukamwana," aliniambia. "Joto inasikiwa."

Lakini aliandika. Hakuruka hata saa moja, hata siku ya mazishi ya jirani, aliporudi mara mbili katikati ya maombolezo kutazama kipimo.

Kisha nikaijenga nyumba yetu ndani ya programu, nikaipa joto la nje kutoka kwenye daftari, nikauliza: saa nane mchana, sebuleni kuna joto gani? Ikanijibu pungufu, karibu digrii tatu chini ya kipimo cha ukutani. Nikakagua paa. Nikakagua kuta, moja moja. Siku tatu nilihangaika, nikaanza kuona aibu ya kurudi kwa patron mikono mitupu. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage karibu yangu.

"Umetia batu bangapi mu hiyo nyumba yako?" akauliza.

Sikuwa nimetia mtu. Nilikuwa nimeacha ile hesabu inayokuja na programu yenyewe: watu wawili, wanaingia asubuhi, wanatoka jioni, kama ofisini. Sisi tulikuwa saba, na mvua ikinyesha mbabula, jiko letu la makaa, huingizwa ndani. Nikatutia sote, na moto wetu. Namba ya programu na ya ukutani zikakaribiana hadi tofauti ikawa chini ya digrii moja. Nilipiga kelele mpaka mama mkwe akamwaga maharage.

Hapo nikairudia wodi, kwa joto lilelile la daftari letu. Programu ilikuwa imeweka mtu mmoja kwa kila kitanda. Nani amewahi kuzaa hapa akiwa peke yake? Kuna mrwaza, ndugu anayekuuguza, anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda chako. Kuna dada anayeleta uji kwenye thermos. Kuna mashangazi. Nikawahesabu wote. Ile wodi ya vioo, siku umeme unapokatika, ilikuwa moto kuliko barabara ya nje.

Nilisema hivyo kwenye mkutano, mbele ya mkunga. Patron akasema nimepima jiko la nyumbani kwangu, si jengo la kisasa. Nikamgeukia mkunga.

"Mama," nikamwambia, "kesho saa nane mchana, karibu kwangu. Ukae kidogo."

"Hapa tunafanya kazi, hatutembeleane," patron akakatiza.

Lakini mkunga alikuja. Alikaa kwenye kiti chetu chini ya mabati, mtandio kichwani, na mama mkwe akamletea maji. Nusu saa ilipita. Jasho lilimtiririka shingoni, naye hakulifuta. Mwishowe akainuka, akasoma kipimo ukutani.

"Hii joto naijua," akasema. "Nimezalisha batu mu hii joto maisha yangu yote. Mutoto anatoka, analia, na mama yake hana hata nguvu ya kumushika. Hesabu yako inasema tufanye nini?"

Nikamfungulia daftari. Ukuta wa magharibi uzibwe, uwe na baraza pana. Madirisha yatazame kaskazini na kusini, yaelekeane, upepo upite. Chini ya mabati iwekwe dari, na juu yake matundu ya kutolea hewa moto. Klimatizeri moja tu, chumba cha upasuaji.

Mkunga alisimama imara, na patron akachora upya. Vioo hakuviondoa vyote; alivibakiza mapokezi, na mlinzi wa pale kila alasiri huhamishia kiti chake nje. Mwezi uleule akaniambia biro haina kazi ya kunitosha. Kwenye ramani kuna jina lake. Siku ya ufunguzi sikualikwa. Nilikwenda.

Wodi ilikuwa na hewa ya kuvutika. Ila madirisha niliyohesabu kwamba yatakaa wazi usiku kucha, muuguzi aliniambia wanayafunga jua linapozama.

"Mbu, Madame. Na wezi."

Nilihesabu upepo nikasahau mbu, mimi niliyezaliwa mji huu! Nalitaja kosa hilo mwenyewe kabla mtu hajanitajia. Kesho yake nilirudi na fundi wa vyuma, tukapima nondo na wavu, dirisha kwa dirisha, na nikahesabu upya, maana wavu nao hupunguza upepo.

Siku hizi nafanya kazi sebuleni kwangu. Daftari zimekuwa nyingi. Nina vipimo pia Buterere, kando ya mashamba ya mpunga, ambako joto lina unyevu mwingine kabisa. Bado naletewa michoro yenye maneno "tumia hali ya hewa ya kawaida". Naijibu yote: kawaida ya nani?

Mwaka huu patron alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni. Alitaka faili yangu ya hali ya hewa ya Bujumbura, kwa ajili ya shule aliyokuwa anaichora.

"Nitakupa," nikasema. "Unitumie wachoraji wako wiki moja, wajifunze namna inavyopatikana."

"Haiwezekane. Nina kazi."

"Sawa. Na mi nina yangu."

Aliondoka bila kuaga. Jumamosi iliyofuata wachoraji wote wawili walibisha hodi, bila ruhusa yake, kila mmoja na kalamu mfukoni. Mama mkwe akawaonyesha pa kukaa, na tukaanza na paa.