Nilifunga kijito nikiwa na sertifika mkononi, wakanipimia maji kwa Baba Yetu

Wakuu, nawasalimu kutoka Butembo. Mvua inanyesha na mimi nina furaha. Haya ninayowasimulia ni yangu mwenyewe, sijaongeza chumvi, na sehemu nyingine zinaniaibisha.

Kwa wasionijua: nilikuwa na butiki ya misumari na mabati kule Beni, pale mtaa wa Beu. Nikachoka. Nikamwachia dada yangu, nikanunua shamba kwenye kilima nje ya Butembo, kijito kinapita katikati. Nikapata na sertifika ya ardhi yenye mihuri.

Mimi wakuu ni mtu wa mihuri. Nikiona muhuri nalala vizuri.

Nikachimba mabwawa matatu ya samaki. Kila nilichokuwa nacho kilizama humo. Tilapia wakifa, narudi Beu kumwomba dada kazi ya kubeba mabati.

Kiangazi cha kwanza maji yakapungua. Nikapanga mifuko ya mchanga, nikafunga kijito chote, maji yote yakaingia kwangu. Nikajiona mhandisi.

Siku ya tatu akapanda Mama Kahindo, mwenye bustani ya kabichi, huku twaziita shu, chini yangu. Amebeba bidoni, dumu la njano, tupu. Hakupiga kelele. Akaiweka juu ya mifuko yangu, akasema:

"Papa Kambale, udongo ni ya kwako, hatukatale. Lakini hii maji inapita tu kwako. Shu yangu inakauka."

Nikamtolea sertifika. Akaiangalia kwa heshima, akanirudishia.

"Iko muzuri. Sasa maji baliandika wapi?"

Niliisoma ile karatasi mara mbili. Maji hayakuwamo.

Nikashuka mjini, kwenye bureau, ofisi ya ardhi. Ofisa akacheka. Ardhi nimepewa, maji ni ya serikali; naweza kuyatumia, ila kijito lazima kiendelee kuwafikia walio chini. Kiasi gani? Nikaambiwa nimuulize shefu wa kijiji.

Shefu, mtu wa rika langu na mwenye haraka zake, akaja na kipimo cha kijiji. Unaweka bomba chini ya mifuko yako, na chini ya bomba bidoni ya lita ishirini. Mtu anasali Baba Yetu kwa sauti, kwa mwendo wa kanisani. Ukifika "Amina" bidoni haijajaa, umewazuilia wenzako. Unaondoa mifuko mpaka ijae.

Nikatoa simu nipime kwa sekunde, kisasa. Shefu akakataa.

"Telefone iko ya mutu moja. Sala iko ya batu bote."

Basi nikasali mimi. Polepole, kwa uchaji ambao padri wangu hajawahi kuuona.

"Kambale, hapana lala!" shefu akafoka.

Nikarudia. Amina. Bidoni imebakiza vidole vinne.

Hapo akili ikanifunguka. Mama Kahindo ni Mprotestanti, shemasi kabisa. Baba Yetu ya kwao ina kile kipande cha ufalme na nguvu na utukufu, ambacho sisi Wakatoliki hatukiunganishi. Kile kipande kingejaza vile vidole vinne!

Mimi, mbatizwa, mwimbaji wa kwaya, nikasema: "Shefu, tuheshimu Mama. Tusali ya kwabo."

Mama Kahindo akadakia: "Hapana, Papa. Leo tusali ya Bakatoliki. Iko mufupi, iko muzuri."

Majirani waliokuja kutazama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mke wangu, mzaliwa wa kijiji cha Masereka, alicheka kuliko wote, kisha akaondoa mifuko kwa mikono yake. Nikasali tena, bidoni ikajaa kabla ya Amina.

Bwawa moja nikaliacha likauke, samaki wake nikawahamisha. Nilinuna wiki nzima. Nilijiona nimeibiwa mchana kweupe.

Kiangazi kilichofuata, asubuhi moja maji hayakuja kabisa. Samaki wanahema juujuu, midomo wazi. Nikapanda kufuata kijito, wakuu.

Kumbe mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa amenunua shamba juu ya langu, amechimba mabwawa matano na kufunga kijito. Alikuwa na sertifika. Mihuri mingi kuliko yangu.

Nikateremka kwa Mama Kahindo. Aibu ilinijaa, sikujua nianzie wapi. Kabla sijamaliza salamu alishashika bidoni; kwake pia maji yalikuwa yamekatika.

"Twende, Papa."

Tukampitia shefu, tukapanda. Yule bwana akatandaza karatasi zake. Mama akamuuliza swali lile lile: maji baliandika wapi? Akatafuta, akatafuta, akakubali kupimwa.

Nikasali mimi, mwendo wa kanisani, bila hila. Amina. Bidoni haijafika hata nusu.

Yule bwana akajikuna kichwa. "Excusez, miye niko Muprotesta. Tunaweza sali ile ya murefu?"

Mimi na Mama Kahindo tukajibu kwa sauti moja: "Hapana!"

Kabla ya jua kuzama maji yalikuwa yanaingia mabwawani kwangu. Niliingia majini na viatu.

Nilichojifunza: ile sheria niliyodhani imeninyang'anya maji ndiyo iliyokuja kunirudishia. Kila mwenye shamba penye kijito ana mtu juu yake. Ukiwa unafunga, kumbuka hilo.

Wakuu mlio na mashamba kando ya vijito, kwenu mnapimaje? Na mliowahi kufunga kama mimi, semeni tu, hapa hakuna shefu.

Nitasoma nikirudi. Sasa naenda kwa Mama Kahindo na tilapia wawili. Najua atasali kabla hatujala, ile ndefu, na leo sina haraka.