Miaka Mitatu ya Bi Mee Hua

"Sibu hii hakuna anayekufa vizuri bila mkono wangu." Hivyo ndivyo alivyosema Ngu Kee Sieng kwenye karamu ya chama cha watu wa Fuzhou, kipaza sauti mkononi, mbele ya meza arobaini. Wengi walicheka. Wazee waliacha kutafuna.

Hakudanganya sana. Miaka ishirini na sita amekalia meza ya matangazo ya vifo katika gazeti la Kichina la mji huo wa Sibu, gazeti ambalo vijana hawaligusi na wazee hulifungua kuanzia nyuma. Familia huja na kitambulisho cha marehemu. Ngu hupiga hesabu ya umri, huongeza miaka mitatu kama ilivyo desturi, mmoja wa mbingu, mmoja wa ardhi, mmoja wa mtu mwenyewe, kisha hupanga majina ya watoto, wakwe na wajukuu. Hajawahi kumsahau mkwe. Hiyo kazi huwaachia wenye mkwe.

Jumatatu moja akaja Yii Chung Hieng, mhandisi kutoka Kuching, aliyefiwa na mama yake. Kitambulisho alikuwa amekisahau nyumbani. Ngu akamuuliza marehemu alikuwa na miaka mingapi, akajibiwa sabini na tisa. Mhandisi alikwisha kuongeza mitatu yake, kwa kuwa ni msomi. Ngu naye akaongeza mitatu yake, kwa kuwa ni Ngu. Jumanne Bi Tiong Mee Hua akatoka gazetini ana miaka themanini na miwili.

Balaa ni kwamba dada yake mkubwa, Bi Mee Eng, yu hai, na ana themanini kamili. Saa tatu asubuhi alishafika kaunta, gazeti kalikunja kama la kuulia nzi.

"Kijana," akamwambia Ngu, mwenye miaka hamsini na minne, "huyu nilimbeba mgongoni. Leo umenifanya mdogo wake?"

Ngu akaomba radhi, kisha akamtupia lawama mhandisi.

"Mhandisi hauzi gazeti. Jeneza silisogelei mpaka niwe dada mkubwa tena."

Mhariri, Bi Lau, hakupandisha sauti. Alisema mazishi ni Ijumaa. Bibi asipoonekana, ukoo mzima wa Tiong utauliza sababu, na mwenye kujibu atakuwa anatafuta kazi kwingine. Ngu akaomba nafasi ya kusahihisha. Bi Lau akamtazama kama mgeni wa mji. Tangazo la kifo halirudiwi: kumtangaza maiti mara mbili ni kumwita maiti wa pili, na katika familia ile wa kuitwa alijulikana.

Lakini rambirambi za kulipia gazetini hazina kikomo. Vyama hutuma, shule hutuma, hata wauza matairi. Tambi za mchana zikimgandia mezani, Ngu akaandika ya kwake, kwa mwanamke ambaye hakuwahi kumtia machoni: ametuacha akiwa na miaka sabini na tisa, mdogo mpendwa wa Bi Tiong Mee Eng. Jina la dada akaliweka kubwa kuliko la marehemu. Mpanga kurasa akamuuliza kafiwa na nani.

"Bado sijajua," akajibu.

Jumatano alasiri Bi Mee Eng akaingia msibani na ukurasa ule mkobani, akawasomea waombolezaji mara mbili kabla hajawasha ubani. Ngu akabaki na meza yake.

Rambirambi ya safu mbili, katikati ya wiki, baada ya punguzo la mfanyakazi: ringiti mia moja na themanini.