Bolti Zilizoombewa

Kwaya ya kanisa letu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, haiendi kuimba nje bila kufunga kwanza. Wakialikwa Madisi au Lilongwe, waimbaji wanaacha chakula, wanakunywa maji tu, na siku ya safari wanapanda minibasi ya kanisa wepesi kama magunia matupu. Kwa hiyo kichwa kikiuma ndani ya ile gari, hakuna aliyeshangaa. Mfungo. Mtu akilala begani kwa mwenzake katikati ya wimbo, mfungo. Mtu akitapika kando ya barabara, mfungo unamsafisha. Mimi, ambaye mfungo wangu mrefu kuliko yote uliishia kwenye harufu ya maandazi ya jirani, nilisema hawa watu wanapata kichwa cha walevi bila raha ya kulewa. Mama alinitazama tu. Mama yangu akikutazama tu, ujue umesikika.

Papa ndiye dereva wa hiyo minibasi, na ndiye fundi wake pia, kwa sababu kanisa halina mwingine. Yeye ni Mkongomani wa kando ya ziwa, mama ni Mrundi wa milimani, na nyumbani tunakutana katikati, kwenye Kiswahili. Mama huimba sauti ya chini, na waimbaji wa sauti ya chini hukaa kiti cha nyuma kabisa. Ilikuwa hivyo tangu kabla sijajua kusoma.

Siku ile walipotoka Madisi, mama alizimia kwenye hicho kiti. Alikuwa na mimba kubwa. Wanawake wenzake walidhani ameshukiwa na Roho, wakamwekea mikono na kuendelea kuimba. Walipofika kambini bado alikuwa kama mtu aliyetolewa kisimani, midomo imelegea, macho yanatafuta pa kushika. Tulimpeleka zahanati mimi na papa, na rais wa kwaya, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, akaja nyuma yetu akimwelezea nesi.

"Ni mufungo, sista. Mufungo ulikuwa nguvu."

"Hakufunga," nilisema. "Mchungaji alimukataza juu ya mimba. Asubuhi alikula nsima na maharage. Mi njo nilipika."

Rais wa kwaya alinigeukia. "We mutoto, nani amekuuliza?"

Nesi aliacha kuandika. Aliuliza mama alikaa wapi ndani ya gari. Nyuma. Na wale wanaoumwa vichwa siku zote? Nyuma. Madirisha? Yalifungwa, kulikuwa na baridi. Akauliza kama kuna harufu, papa akasema kidogo, ya gari tu, gari zote zinanuka. Nesi akamwambia polepole kwamba moshi wa injini una sumu ambayo pua haiisikii, na kwamba mama akiivuta, mtoto tumboni anaivuta pia. Akaweka mkono juu ya tumbo, akauliza kama mtoto anacheza.

Mama alisema tangu Madisi hajacheza vizuri.

Nesi alisema aende hospitali kubwa Lilongwe akasikilizwe na mashine, keshokutwa, asichelewe. Rais wa kwaya akaanza kuhesabu kwa vidole. Alikuwa na watoto wake mwenyewe wanaokaa nyuma.

Tulipofika nyumbani papa hakuvua hata kofia. Alilala chini ya minibasi na mimi nikamshikia tochi. Pale bomba la moshi linapoungana na injini panatakiwa bolti tatu. Ilikuwepo moja. Papa aliifungua, akaiweka kwenye kiganja changu, na hata mimi niliona: katikati ilikuwa imevutika, shingo nyembamba kama ubani uliotafunwa na kunyooshwa. Karatasi ngumu inayoziba maungio, ile wanayoita gasketi, ilikuwa imeungua upande mmoja. Na juu ya hapo, chini ya zulia la kiti cha nyuma, kutu ilikuwa imekula sakafu na kuacha tundu la kupitisha ngumi.

Zile bolti aliziweka papa mwenyewe, za zamani zilipokatika. Zilibaki kwenye boksi wakati mafundi walipomaliza mabenchi ya kanisa. Zilikuwa mpya, zinang'aa, na siku ya kuweka mabenchi wakfu mchungaji alimwagia mafuta boksi zima, mabenchi, misumari, kila kitu. Papa aliona hakuna bolti nzuri zaidi kwa gari ya kanisa. Ukimuuliza mtu yeyote hapa kambini angefanya vilevile.

"Zilikuwa zimeombewa," alisema, bado chini ya gari.

"Zimeombewa kwa matako, papa. Siyo kwa moto."

Nilingoja acheke. Papa huwa anacheka hata ninapomtukania gari. Alitoa mkono tu kutoka chini ya gari, akataka bolti yake irudi.

Ndani, mama alikuwa amekaa kitandani, mkono tumboni. Papa alimweleza yote: bolti, gasketi, tundu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Lazima niseme kwamba mama, alipozimia, alisikia mama yake akimwita. Bibi yangu alifia Burundi mimi sijazaliwa. Alimwita kwa jina la utotoni, kwa Kirundi, kutoka ng'ambo ya shamba la maharage. Aliwaambia wanawake hilo akiwa bado amelala kwenye kiti, na wakalia, na kufikia jioni ulikuwa ushuhuda wa kambi nzima.

"Basi hakuniita," mama alisema. "Ilikuwa moshi."

Papa alikuna mafuta meusi kwenye kidole.

"Sijui. Mi najua ya bolti tu."

Mama akasema haendi Lilongwe kwa gari ya watu wengine. "Kama gari yako haifai kunibeba, haifai kubeba kwaya. Itengeneze. Nitapanda hiyo."

Kwa hiyo asubuhi mimi na papa tukaomba lifti mpaka mjini. Nilivaa sare ya shule, maana mtu mwenye sare huulizwa maswali machache barabarani. Jioni iliyotangulia papa alikuwa amewazungukia mafundi wote wa kambi, akirudi na maneno ambayo aliyarudia njia nzima kama mimi kabla ya mtihani. Tulishuka mtaa wa Mtandire, kwenye kibanda cha mbao kilichojaa vyuma, cha jamaa mmoja Mmalawi aliyewahi kuwa utingo wa malori ya Dar es Salaam. Alijivunia Kiswahili chake.

"Karibu, mzee wangu. Bolti ya nini?"

"Ya bomba la moshi. Pale linashikana na injini."

Jamaa akamwaga mezani bolti nyeusi zenye namba kichwani. "Hizi ngumu kuliko zote. Piga hata nyundo."

"Nyundo siyo moto," papa alisema. "Hii ugumu wake ilipewa na moto. Moto wa kila siku utauondoa."

Alifungua kitambaa akamwonyesha ile yetu. Jamaa aliigeuza kwenye mwanga.

"Hii ilikuwa ya kitanda?"

"Ya kanisa," nilisema.

"Kanisa gani hilo linachemka hivi?"

Nilicheka. Papa hakucheka, na kicheko changu kikabaki peke yake mle kibandani.

Jamaa akaleta nyingine, nyeupe zinazometa, zisizoshika sumaku. Hizi hazioti kutu, alisema. Papa alikubali hazioti kutu, lakini nati yake ikipata moto inang'ata, haitoki tena, na hizi za aina hii zinatanuka kuliko chuma kingine, maungio yanalegea. Zile zilizopakwa zinki hakuzigusa kabisa. Zilifanana mno na za mabenchi. Kisha jamaa akaleta rundo alilong'oa kwenye injini chakavu, bolti za asili, zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Papa akakaa juu ya ndoo. Alichukua nati moja akaitembeza kwa vidole kwenye kila bolti, taratibu, bila spana. Mahali nati ilipogoma katikati, bolti ilikuwa imeshavutika, aliiweka kushoto. Kushoto pakajaa. Kulia hapakuwa na kitu.

Jua lilikuwa limeshaingia kibandani. Jamaa alipiga mwayo.

"Mzee, unachagua bolti au unachagua mkwe?"

"Iko mutu atakaa juu yake."

"Nani?"

"Muke yangu. Na mutoto iko tumboni."

Jamaa aliacha rundo lake. Aliingia nyuma ya pazia, tukamsikia anasogeza mabati, akarudi na boksi dogo lenye vumbi. Zilikuwa bolti za chuma cha kuhimili moto, alizokuwa amemwekea mwenye lori mmoja, hazing'ai, rangi yake kama mvua inayokuja, na nati zake za shaba, kwa sababu shaba haishikani na chuma hata ikiiva. Papa alijaribu nati kwenye ya kwanza. Ilitembea mwanzo hadi mwisho kwa kidole kimoja. Alijaribu zote. Akazipanga kulia.

"Mwenye lori atasema nini?" papa aliuliza.

"Atanitukana. Amezoea."

Siku hiyo hiyo papa alifunga bolti, gasketi mpya, na bati nene juu ya tundu. Mimi nilishikilia tambara lenye maji kwenye mdomo wa bomba huku injini inawaka, ili moshi ulazimike kutafuta njia nyingine, na papa akatega sikio kwenye maungio. Hakusikia kitu. Aliniambia nishike tena. Nilishika mpaka mikono ikafa ganzi, na sikulalamika, jambo ambalo kwangu ni muujiza wa kuandikiwa ushuhuda.

Kesho yake mama alitaka kukaa nyuma, papa akakataa, wakabishana kwa macho, akakaa mbele. Madirisha yote wazi. Tulipita magari ya wakubwa wa serikali pale Capital Hill tukiwa tumejifunika mablanketi kama wafiwa, na hakuna aliyeimba.

Hospitalini mashine ilikuwa na foleni, kwa hiyo mkunga akaanza na kijipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, sikio upande huu, tumbo upande ule. Alisikiliza. Akakihamisha. Akasikiliza. Papa alisimama na kofia mikononi. Mkunga akakihamisha tena, akafumba macho, akaanza kugonga ukingo wa kitanda kwa kidole, haraka haraka, mapigo madogo yanayofuatana. Mama ndiye aliyeelewa kwanza. Aliweka kidole chake kando ya kile cha mkunga akagonga naye.

Mkunga alisema moyo upo, ni mzuri, lakini mengine ya moshi hatuwezi kuyajua mpaka azaliwe. Warudi kila wiki.

Nilipotoka nje papa hakuwepo. Bolti mpya zikishaona moto mara ya kwanza hulegea kidogo, na lazima zikazwe tena zikipoa. Niliona miguu yake tu inatokeza chini ya minibasi, kwenye vumbi la uwanja wa hospitali. Chuma kilikuwa bado cha moto. Hakuna fundi angekigusa saa ile, na spana alikuwa ameiacha nje; kutoka chini ya gari nilisikia anavuta kamasi. Nilikuwa na utani mzuri sana kuhusu viatu vyake, nikauacha. Nikakaa chini kando ya gurudumu, spana mapajani, tukangoja gari ipoe.