Baiskeli Kwenye Njia Isiyo na Watu

Mwanangu, egesha baiskeli hapo ukutani uje ukae kidogo. Nilikuona asubuhi ukipenya katikati ya malori kwenye barabara kuu, na moyo wangu haujatulia bado. Sikuiti nikugombeze. Tangu mafuta yaanze kukosekana na mabasi kupungua, vijana wengi wa mitaa yetu hii ya Kinama na Carama wamerudi kwenye baiskeli, na mimi nafurahi kuwaona. Ila nilipokuuliza kwa nini hupiti njia ya mashambani, kule nyuma ya Carama, ulinijibu kwamba njia ile haina watu. Jibu hilo nalijua vizuri. Niliwahi kulitoa mimi mwenyewe nikiwa msichana wa umri kama wako, mbali sana na hapa, na nusura linikoseshe kazi.

Nilikulia Kinama miaka ya vita. Baba alikuwa fundi baiskeli, kwa hiyo nilijua kuendesha kabla sijajua kusoma vizuri. Lakini kila asubuhi, kabla hajaturuhusu kutoka, Mama alisimama mlangoni akauliza swali lile lile: watu wa maziwa wameshapita? Walikuwa wanaume waliopanda kutoka bondeni kwa baiskeli, madebe ya maziwa yamefungwa pande zote mbili. Wakipita, tulijua njia ni salama, tukaenda shule. Wasipoonekana, hata jirani mwenye haraka alirudi ndani akavua viatu. Barabara tupu ilikuwa habari mbaya, na hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Nilipomaliza shule, shangazi yangu Saada, dada yake Baba, aliniita nikaishi naye Ufaransa. Usifikirie majengo marefu na taa. Aliishi kijijini, penye ngano, vichaka vilivyopandwa kama uzio, na ng'ombe weupe wanaokutazama kana kwamba umewakatiza mazungumzo. Alinitafutia nafasi ya majaribio katika nyumba ya kutunzia wazee, kwenye mji mdogo ng'ambo ya mashamba. Kazi ilianza alfajiri, kabla ya basi la kwanza, na gari hatukuwa nalo. Shangazi akanipa baiskeli yake ya pili.

Madamu aliyeongoza nyumba ile aliniambia kwa upole, lakini bila kuzunguka, kwamba mzee hawezi kusubiri kifungua kinywa chake na dawa zake, na kwamba mtu asiyefika kwa wakati katika kipindi cha majaribio haendelei. Nikipata mkataba, ningepata na karatasi za kukaa. Nikiukosa, ningepanda ndege kurudi, na mtu mwingine angepewa nafasi.

Sasa nikueleze barabara zao, maana ndipo kisa kilipo. Kati ya mji na mji ipo barabara kuu, nyoofu, na malori yote hupita hapo. Halafu, ubavuni mwake, kuna utando mzima wa njia ndogo zinazounganisha kijiji na kijiji. Nazo zina lami, tena nzuri, ila ni nyembamba, zinazunguka mashamba ya watu badala ya kuyakata, na dereva mwenye haraka hazitaki. Kila makutano yana kibao kidogo, na ukiinua macho unaona mnara wa kanisa la kijiji kinachofuata. Unatoka mnara hadi mnara. Waendesha baiskeli wa kule huzipenda mno njia hizo.

Mimi nilizikataa. Siku ya kwanza niliingia kwenye mojawapo, nikaendesha kidogo, nikatazama mbele na nyuma. Hakuna mama mwenye kikapu, hakuna mwanafunzi, hakuna mtu wa maziwa. Niligeuza baiskeli nikarudi kwenye barabara kuu, kwenye malori, na nakuapia nilijisikia salama.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja ya mvua lori refu lilinipita karibu mno, upepo wake ukanisukuma pembeni, nikaingia mtaroni pamoja na baiskeli. Sikuumia, ila nilifika nimechelewa, tope hadi kwenye kilemba. Madamu alinipa taulo kwanza, kisha akaniambia kwamba hiyo isijirudie tena.

Jioni shangazi alinisikiliza huku akimenya viazi. Nilipomaliza, aliweka kisu chini.

"We mutoto wa kaka yangu, unaogopa ng'ombe kuliko kamyo, hayo malori?"

"Hakuna mutu kule, shangazi. Njia nzima, hakuna mutu."

"Watu wako. We ndiye hujui kwenye wanakaa."

Jumapili alinitoa mwenyewe. Laiti ungemwona! Alivaa gauni lake refu, pindo amelibana kwa vibanio vya kuanikia nguo lisiingie kwenye mnyororo, na juu yake kizibao cha njano kinachong'aa. Akasema bismillahi, akatangulia taratibu. Kila penye geti alisimama kunifundisha kana kwamba nimerudi darasa la kwanza. Tazama moshi wa bomba lile, kuna mtu anapika. Tazama tope hili la tairi la trekta, bado ni bichi, mwenyewe yuko shambani. Kisha akanionyesha kitu ambacho nilikuwa nimekipita siku ile ya kwanza bila kukitia maanani: mfuko wa kitambaa uliotundikwa kwenye geti, na ndani yake mkate mrefu. Muoka mikate hupita na gari lake mapema, akawaachia wenyeji mikate nje. Geti baada ya geti, mikate.

"Hawa ndio watu wako wa maziwa," shangazi aliniambia. Nikasimama pale nikacheka, halafu nikalia kidogo, na yeye akajifanya anakagua breki.

Aliporudi kwenye mwendo alinipa na lile karipio lenyewe, bila kugeuza kichwa. Alisema mama yangu hakukosea kuogopa, woga ule ulitufikisha sote ukubwani. Lakini nilikuwa naiuliza barabara ya Ufaransa habari za Kinama ya zamani. "Uliza njia ya leo," akasema. "Uliza wenyewe."

Tangu hapo nilipita njia ndogo. Ilikuwa ndefu kuliko ile kuu, nikajifunza kutoka mapema. Nilijifunza kupunguza gia kabla ya kilima, si katikati yake. Nilijua kona ambayo majani mabichi huteleza, na mbwa yupi hubweka kwa kujionyesha tu. Nilihesabu mikate nikipita, nikafika nimechangamka, mashavu baridi, wazee wakinitania kwamba nimeleta harufu ya ng'ombe.

Basi ikaja asubuhi ile. Ilikuwa siku za mwisho za majaribio yangu. Niliingia kwenye njia yangu, taa ya baiskeli inawaka, nikafika geti la kwanza: mfuko mtupu. La pili, mtupu. La tatu, hivyo hivyo. Mwanangu, miguu yangu iliacha kukanyaga yenyewe. Mwili wote ulirudi Kinama, na nikamsikia Mama mlangoni: watu wa maziwa wameshapita? Nilishuka. Nikageuza baiskeli kuelekea nyumbani.

Lakini nyumba ya mbele ilikuwa na taa jikoni. Nilisimama pale nikiisukuma baiskeli mbele na nyuma, nikijua kwamba nikirudi nimeipoteza kazi. Mwisho nikaenda nikagonga. Akatoka bibi mmoja na shali mabegani, hana wasiwasi wowote. Nikamsalimia, nikamuuliza kuna nini leo, mbona hakuna mkate.

"Mkate utatoka wapi, binti?" akasema. "Wakulima wamegoma. Matrekta yamefunga barabara kuu, na gari la mkate liko kule kule limekwama. Huku hakuna kitu. Endelea tu."

Ndipo nikaelewa. Kama gari la mkate limekwama, basi magari ya wenzangu wote yamekwama pia, maana wote walipita barabara kuu. Nilimshukuru bibi yule nikapanda. Sijawahi kuendesha vile tena maishani. Vile vilima nilivyokuwa nikivipanda nikihema, siku ile nilivipanda nimesimama juu ya pedali. Mnara wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha mteremko mrefu wa kuingia mjini, upepo umenijaa kifuani, nami nikiimba kwa Kiswahili mbele ya ng'ombe wa Wafaransa.

Muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa peke yake, amechoka, kengele za vyumba zinalia. Aliponiona mlangoni na baiskeli alinikumbatia kabla sijavua kizibao cha njano alichoniazima shangazi. Yeye akagawa dawa, mimi nikachemsha kahawa, nikapaka siagi kwenye mkate wa jana, nikaosha nyuso, nikafungua mapazia. Hakuna mzee aliyekosa kifungua kinywa wala dawa. Bibi mmoja wa chumba cha mwisho alilalamika kwamba mkate ni mgumu, tukacheka sote watatu.

Madamu alifika jua likiwa limepanda, kwa miguu, gari kaliacha mbali, viatu vyake vimejaa tope kama nilivyojaa mimi siku ile. Nilimletea taulo. Alitazama vyumba vilivyo nadhifu, akanitazama mimi.

"Umepita wapi?"

"Njia ya mikate, madamu."

Mkataba niliutia sahihi siku ile ile, kalamu ikiwa na siagi. Jioni shangazi alipika pilau ya sherehe, na akaniacha niisimulie safari yangu mara tatu, huku yeye akikosoa jinsi ninavyobadilisha gia.

Nimerudi hapa miaka mingi sasa, na nimeipita njia ya nyuma ya Carama kwa baiskeli hii hii mnayoicheka. Mashamba ya mpunga upande mmoja, mihogo upande mwingine, hewa safi, hakuna lori. Kwa hiyo, mwanangu, nisikilize. Hofu uliyorithi kwetu wazazi usiitupe, ilikuwa na sababu zake. Lakini usiiache ikuchagulie njia kabla hujauliza. Njia tulivu huenda ni ya hatari, huenda ni neema, na anayejua ni mtu anayeishi kando yake leo. Akikuambia urudi, rudi bila kuona haya. Akikuambia pita, pita kwa furaha.

Mungu akupe miguu yenye nguvu na breki zinazoshika, akukutanishe na watu wema kila penye geti, akufikishe kazini na akurudishe kwa mama yako mzima. Amina.

Kesho alfajiri jaza upepo matairi yote mawili, utokee nyuma ya Carama, usimame kwa mtu wa maziwa wa kwanza utakayekutana naye, umsalimie, kisha umuulize njia ikoje leo.