Baba alinitemea mate, mimi nikajipangusa

Admin, nifiche kabisa, maana kanisani kwetu wengi wanafuata huu ukurasa. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, Mturkana, mama wa watoto wawili, naishi Kanamkemer hapa Lodwar. Niliokoka nikiwa Kakuma, enzi nauza mboga kwenye kambi ya wakimbizi, na tangu hapo sijarudi nyuma. Kanisani mimi ndiye mwalimu wa darasa la ubatizo. Mafundisho ya msingi nayajua kama jina langu: mtu haokolewi kwa matendo wala kwa mila, bali kwa imani, lazima azaliwe mara ya pili, lazima aamini moyoni na akiri kwa kinywa chake. Na mimi si mtu wa kulegeza, kila mtu ananijua hivyo.

Mwaka jana baba yangu alipigwa na kiharusi kule Kataboi. Mdomo ulienda upande, sauti ikakatika, lakini akili ilikuwa timamu. Nilifunga safari na Biblia mkononi, hata unga sikubeba. Siku tatu nilikaa kando yake nikimhubiria, mama akimpangusa jasho. Siku ya tatu nikamuuliza waziwazi, "Baba, unampokea Yesu awe Bwana wako? Sema tu ndiyo." Akahangaika na ule mdomo, haukutoa kitu. Halafu akanivuta karibu kwa mkono wake mzima, akanitemea mate kwenye paji la uso.

Kama hujazaliwa kwetu, usishtuke. Mzee akikutemea mate amekubariki, na hana zawadi kubwa kuliko hiyo. Nilijua vizuri sana. Lakini darasani nilikuwa nafundisha kwamba hizo ni mila za giza, mtu aliyeokoka hazipokei. Nikajipangusa kwa leso mbele ya macho yake, nikasema, "Baba, mimi sitaki mate, nataka ukiri." Akageuza uso. Kesho yake asubuhi akafa.

Pasta aliponiuliza kama mzee alimpokea Kristo, nilijibu hapana. Kwa hiyo mazishini hakuna aliyethubutu kusema amelala mahali pema. Waliomba tu Mungu atuhurumie sisi tuliobaki.

Sasa mama amehamia kwangu, na kwa hiari yake mwenyewe akaingia darasani kwangu. Hajakosa hata siku moja. Jumapili hii wanabatizwa mto Turkwel. Juzi tukichambua sukuma akaniuliza, "Nikiingia kwenye hayo maji, nitaenda kukaa na baba yako?"

Akaendelea polepole, mikono bado iko kwenye mboga. "Wewe ulimuuliza, yeye akakubariki. Mdomo ulikuwa umekufa, ulitaka akujibu na nini? Mimi nilikuwa hapo, nilisikia ndiyo. Lakini mwalimu ni wewe. Kama unasema alikataa, toa jina langu kwa hiyo listi. Siwezi kumwacha mzee peke yake huko."

Tangu hapo sina amani. Nikisimama kufundisha nasikia unyevu hapa kwenye paji, napangusa, hakuna kitu. Nimejisugua mpaka ngozi imechubuka, na mtoto wangu mdogo ananiuliza nimeumwa na nini. Nilimwendea pasta, akasema, "Dada, Neno halibadiliki kwa sababu ya machozi. Kukiri ni kwa kinywa." Nikimwambia mama baba aliokoka, naogopa namdanganya juu ya uzima wa milele. Nikimwambia alikataa, nitakuwa nimewafungia mlango wote wawili kwa mkono wangu. Na ukweli ambao sijamwambia pasta ni huu: macho ya baba kabla sijajipangusa yalikuwa yanacheka.

Ndugu zangu, mliookoka na msiookoka, msinibembeleze. Yule mzee alinijibu au hakunijibu? Nimwambie nini mama yangu kabla ya Jumapili?